35 imetoka wapi?

Mwanafunzi wa darasa la tatu ameandika 52 − 27 = 35. Mwalimu anapita, anaweka alama ya kosa, anahamia dawati linalofuata. Kesho yake mtoto huyohuyo anapewa 64 − 38, anaandika 34. Keshokutwa ni 402 − 137, jibu lake 335. Siku tatu, makosa matatu, na daftari linazidi kuwa jekundu.

Ukiyatazama kwa makini utaona kwamba mtoto habahatishi hata kidogo. Ana kanuni na anaifuata bila kuteleza: katika kila safu chukua tarakimu kubwa, toa ndogo, haijalishi ipi iko juu. Na mara nyingi kanuni hiyo tumempa sisi wenyewe. Tulisimama ubaoni tukasema, "Mbili kutoa saba haiwezekani," kisha tukaendelea na habari ya kukopa kumi. Yeye akashika nusu ya kwanza. Kwa kuwa haiwezekani, akageuza: saba kutoa mbili, tano. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani John Seely Brown na Richard Burton walichapisha uchambuzi unaoonyesha kwamba makosa mengi ya watoto katika kutoa yana mpangilio wa namna hii. Ukiijua kanuni potofu ya mtoto, unaweza kulitabiri jibu lake kwenye swali ambalo bado hajaliona.

Ndiyo maana swali "35 imetoka wapi?" lina faida kuliko "Nani atamsaidia mwenzake?" La kwanza linaitoa kanuni hadharani. La pili linaleta jibu sahihi la mtu mwingine, mtoto analinakili, na kanuni inabaki palepale ikisubiri kesho. Nikizungumzia udadisi na mtazamo chanya darasani, naanzia hapa. Mtoto hujua kama hesabu ni jambo lake au la wenye akili tu katika zile sekunde chache baada ya kukosea. Mabango ya ukutani huja nyuma sana.

Sasa 35 tuifanyeje? Usimwambie amekosea, mpe kazi ya kulipima jibu lake mwenyewe. Njia moja ni kumwomba ajumlishe 35 na 27. Atapata 62, na yeye alianza na 52. Njia ninayoipenda zaidi ni hii: "Kwenye 52 toa 20 tu. Zimebaki ngapi?" Zimebaki 32. "Tukitoa na zile 7, zitabaki zaidi ya 32 au pungufu?" Hapo 35 inaanguka bila mtu kuisukuma, na mtoto amejifunza kukadiria, jambo litakalomfaa hata akifika kwenye desimali. Baada ya hapo chora mstari wa namba: kutoka 27 ruka 3 ufike 30, ruka 20 ufike 50, ruka 2 ufike 52. Miruko yote ni 25.

Mwisho rudini kwenye safu, lakini mkiwa na vijiti: mafungu matano ya vijiti kumikumi na vijiti viwili pembeni. Mwambie atoe ishirini na saba. Atachukua mafungu mawili, kisha atakwama, kwa sababu vijiti saba vya peke yake havipo. Mwache akwame kidogo. Wengi hufungua fungu moja bila kuambiwa, na kitendo hicho cha kufungua fungu ndicho neno "kukopa" linakificha. (Neno lenyewe lina kasoro. Tunakopa kumi na haturudishi kamwe, na wapo watoto wanaoulizia, kwa haki kabisa, deni linalipwa lini. "Fungua kumi moja" inaeleweka zaidi.)

Sifa, juhudi na kile ambacho tafiti zinasema kweli

Chimbuko la mazungumzo haya ya mtazamo ni kazi ya mwanasaikolojia Carol Dweck wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyetofautisha kati ya anayeamini kwamba akili ni kipimo alichozaliwa nacho na anayeamini kwamba inakua kadiri inavyotumika, yaani mwenye mtazamo wa kukua. Katika majaribio aliyochapisha pamoja na Claudia Mueller mwaka 1998, watoto wa darasa la tano walitatua mafumbo ya maumbo kisha wakasifiwa, baadhi kwa akili yao na baadhi kwa juhudi yao. Wakapewa mafumbo magumu, wote wakayumba. Walipoletewa tena mafumbo ya kiwango cha mwanzo, waliosifiwa kwa akili walishuka na waliosifiwa kwa juhudi walipanda. Halafu kuna kipande ambacho wengi hawakitaji: walipotakiwa kueleza alama zao kwa watoto wengine, waliosifiwa kwa akili ndio walioongoza kwa kutia chumvi.

Walimu wengi huishia hapo, wakatoka na "hongera, umejitahidi" kama dawa ya kila ugonjwa. Tafiti za baadaye zinatutaka tuwe na kiasi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliokusanya tafiti nyingi pamoja, ulikuta kwamba uhusiano kati ya mtazamo wa kukua na matokeo ya masomo ni dhaifu kwa wastani. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2019 kwa wanafunzi wa darasa la tisa ulionyesha kwamba mafunzo ya kompyuta ya chini ya saa moja kuhusu uwezo wa akili kukua yaliinua alama za waliokuwa nyuma, lakini kidogo. Tena faida ilionekana zaidi katika shule ambazo wanafunzi wenyewe walikuwa na desturi ya kupokea kazi ngumu. Mimi nasoma hivi: maneno peke yake yana nguvu ndogo, na desturi za darasa ndizo zinazoyabeba au kuyaangusha.

Kwa hiyo mtoto aliyeandika 35 ukimwambia "umejitahidi sana" ukaondoka, umemwacha pabaya. Watoto wana pua kali kwa sifa za bure. Anachosikia ni kwamba mwalimu hatarajii zaidi kutoka kwake. Sifa yenye kazi hutaja kitu kilichofanyika na kilichozaa. Mtoto amekokotoa 18 × 5 kichwani, mwambie: "Umeigawa 18 ikawa 10 na 8, ukazidisha kila kimoja kwa 5. Ndiyo maana hukuhitaji karatasi." Sasa ana kitu cha kurudia kesho kwenye 14 × 6. Mwingine akija na 20 × 5 kutoa 2 × 5, na wa tatu akija na 9 × 10, uliza darasa njia hizo tatu zinakutana wapi. Katika mazungumzo ya namna hiyo hakuna anayeonekana mjanja kuliko mwenzake, maana kila njia ina jambo lake.

Mtoto akisema "Sijui," jibu lifaalo ni "Umefika wapi?" Asiyejua chochote ni nadra sana. Kwa kawaida amesoma swali, ameelewa namba mbili, amekwama kwenye neno moja kama "zaidi ya" au "kila". Ukimwomba achore swali badala ya kulikokotoa, neno lililomkwamisha litajionyesha lenyewe, kwa sababu ndipo mchoro utakapoharibikia.

Na mazoezi ya kushindana na saa? Kujua majedwali ya kuzidisha bila kufikiri ni jambo la lazima, silipingi. Anayehesabu vidole kutafuta 7 × 8 hana akili iliyobaki ya kufikiria swali lenyewe. Ila hofu nayo hula nafasi ileile ya kichwani tunayotumia kushikilia namba wakati tunakokotoa, kwa hiyo kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake na kumpigia saa huharibu kile unachotaka kukipima. Fanyeni mazoezi mafupi ya dakika tatu hadi tano, kila mtu na karatasi yake, ashindane na idadi yake ya juzi, bila kusoma majina kwa sauti.

Kabla sijaacha habari ya mtazamo, kuna wa mwalimu pia. Sian Beilock na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti wa walimu wa kike 17 wa darasa la kwanza na la pili. Kufikia mwisho wa mwaka, hofu ya mwalimu kwa hisabati ilipokuwa kubwa, ndivyo wasichana wake walivyoelekea zaidi kuamini kwamba hesabu ni za wavulana, na walioamini hivyo walifanya vibaya zaidi. Kauli ya "hata mimi hesabu zilinishinda", inayotolewa kumfariji mtoto, ina bei yake.

Nini cha kuwaambia, nini cha kuwauliza

Lawama kubwa dhidi ya kufundisha kwa udadisi ni kwamba watoto wanaachwa wagundue yaliyogunduliwa kwa karne nyingi, ndani ya dakika arobaini. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Mwaka 2006 Paul Kirschner, John Sweller na Richard Clark walitoa hoja nzito kwamba mwongozo hafifu humlemea anayeanza, kwa kuwa kumbukumbu anayofanyia kazi hubeba vitu vichache tu kwa wakati mmoja. Anayefundisha kwa udadisi bila kujibu hoja hiyo atapoteza kipindi.

Jibu langu ni kugawa mambo mafungu mawili. Yaliyokubaliwa na watu tu, waambie waziwazi: neno "mzingo" maana yake nini, alama > inasomwaje, kizio cha eneo kinaandikwaje, namba ya juu katika sehemu inaitwa nani. Hakuna udadisi wowote utakaomfikisha mtoto kwenye neno "kiasi" au "asili", kwa hiyo usimtegee. Yanayotokana na mantiki, waulize: kwa nini kuzidisha kwa 10 kunasogeza tarakimu, kwa nini 1/3 ni kubwa kuliko 1/4 ingawa 4 ni kubwa kuliko 3, kwa nini namba mbili witiri zikijumlishwa huleta shufwa. Hayo mtoto anaweza kuyafikia akipewa swali zuri na zana mkononi.

Alama ya sawasawa iko katikati ya mafungu hayo na ndiyo inayonisumbua zaidi. Andika ubaoni 8 + 4 = □ + 5. Wengi wataandika 12 ndani ya kisanduku, wengine 17. Katika utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, waliopata 7 hawakufika hata 10 kati ya kila 100 katika madarasa ya kwanza hadi la sita. Sababu yake si uvivu. Miaka yote mtoto ameona alama hiyo ikiwa karibu na mwisho wa mstari, jibu likifuata, basi kwake "=" ina maana ya "sasa andika jibu". Maana yake mwambie: upande huu na ule vina thamani moja. Kisha uliza kweli au uongo, moja baada ya nyingine: 7 = 7. 9 = 4 + 5. 6 + 3 = 3 + 6. 6 + 3 = 5 + 4. Mabishano yatakayoanza kwenye 7 = 7 yatakushangaza, maana wapo watakaosema ni uongo kwa sababu hakuna kilichojumlishwa.

Kipindi kimoja, kwa karibu: uzi wa sentimita 24

Swali hili linafaa darasa la nne au la tano, watoto wakishajua mzingo na eneo ni nini:

"Uzi wa sentimita 24 unazungushwa kuwa mstatili. Kila upande ni sentimita kamili, hakuna nusu. Ni mistatili gani inawezekana? Utajuaje kwamba umeipata yote? Upi unafunga eneo kubwa kuliko yote?"

Swali la katikati ndilo linalobeba somo. Bila hilo, watoto watatafuta mistatili miwili mitatu na kuweka kalamu chini.

Andalio halisi la kipindi hiki ni kulifanya swali mwenyewe kwanza, kwa njia zote unazoweza kuzifikiria, zikiwemo za kukosea. Majibu ni sita: 1 kwa 11, 2 kwa 10, 3 kwa 9, 4 kwa 8, 5 kwa 7, na 6 kwa 6. Maeneo yake, kwa mpangilio huo, ni 11, 20, 27, 32, 35 na 36. (Hapo 35 ni jibu sahihi.) Na makosa ya kutarajia ni haya. Wapo watakaoandika 4 kwa 6, maana 4 × 6 ni 24, na hao wamechanganya mzingo na eneo. Wapo watakaoandika pande zinazojumlishwa kuwa 24, kama 10 na 14, wakisahau kwamba pande ni nne. Wapo watakaoiacha 6 kwa 6 kwa kuwa "huo ni mraba, si mstatili". Na wapo watakaoorodhesha 3 kwa 9 na 9 kwa 3 kama mistatili miwili. Hili la mwisho si kosa hasa, ni makubaliano tu: amueni pamoja kwamba ukiuzungusha ni uleule.

Zana: daftari la miraba, rula, na uzi. Uzi una mtego wake. Ukikata sentimita 24 kamili halafu ukafunga fundo, fundo linakula sentimita moja hadi mbili, watoto wanapima wanapata 22 na somo zima linakwenda kombo. Kata sentimita 28, weka alama ya wino kwenye 2 na kwenye 26, funga fundo pale alama zinapokutana. Daftari nalo likiwa na miraba ya nusu sentimita, kubalianeni kwamba upande wa mraba mmoja ni kizio kimoja na msahau sentimita kwa siku hiyo.

Katika kipindi cha dakika 40, dakika tano zinatosha kulitoa swali. Waonyeshe uzi, uzungushe kwa vidole vinne vya watoto wawili, mmoja aseme maana ya mzingo kwa maneno yake. Usitoe mfano wa mstatili wenye mzingo wa 24. Ukitoa, nusu ya darasa itaiga njia yako na udadisi umekwisha kabla haujaanza. Toa wa mzingo wa 10 kama lazima.

Dakika nne zinazofuata kila mtoto yuko peke yake, kimya. Kipande hiki ndicho kinachorukwa mara nyingi, na kukiruka ndiko kunakozaa kikundi chenye mtoto mmoja anayefanya kazi na watatu wanaomsindikiza. Asiye na hata mchoro mmoja wa kuanzia hana cha kuleta kwa mwenzake. Kisha dakika kumi na mbili wawiliwawili, karatasi moja na kalamu moja. Anayeshika kalamu anaandika mawazo ya mwenzake, na kalamu inabadilishana mikono unapopiga makofi.

Wewe unazunguka na karatasi yenye orodha ya njia na makosa uliyoyatarajia, unaandika namba ya dawati mbele ya kila moja. Darasa likiwa la watoto sitini una jozi thelathini, na kwa dakika kumi na mbili utazifikia kumi tu kwa makini. Basi usijaribu kuzipita zote. Panga njia yako tangu mwanzo na kesho uanzie upande mwingine. Ukikuta jozi imekwama, maswali matatu yanatosha: "Nionyesheni mlichonacho," "Mmejuaje kwamba mzingo ni 24?" na "Mkibadili upande huu, ule utafanya nini?" Ukishauliza, ondoka. Mwalimu akiendelea kusimama pale, watoto huacha kutazama karatasi na kuanza kusoma uso wake.

Hatari kubwa ya hatua hii ni kuuliza maswali yanayozidi kuwa finyu. "Pande ngapi? Nne. Mbili zinalingana? Ndiyo. Basi 24 gawanya kwa 2 ni…?" Mtoto anajibu "12" kwa sauti ya ushindi, na aliyefikiri ni mwalimu.

Majadiliano yapate dakika kumi na tatu hivi, na mpangilio wa watakaosimama usiachiwe mikono iliyonyooshwa. Waanze wenye orodha ya ovyoovyo iliyokosa mistatili miwili. Wafuate walioipanga kwa upana: 1, 2, 3, 4, 5, 6. Darasa litaona pengo la wale wa kwanza bila wewe kulitaja. Wamalizie waliogundua kwamba upana na urefu daima hujumlishwa kuwa 12, na uliza darasa kwa nini 12 na si 24. Ukianza na hawa wa mwisho, wa kwanza hawatakuwa na la kusema, nao watajifunza kwamba kazi yao ilikuwa takataka.

Ukiuliza, nyamaza. Mary Budd Rowe alipopima madarasa ya sayansi ya shule za msingi Marekani, alikuta kwamba walimu kwa kawaida hungoja kama sekunde moja tu baada ya swali. Walipofikisha tatu au zaidi, majibu yalirefuka, waliojitokeza wakaongezeka, na ukimya wa kutojibu ukapungua. Sekunde tatu mbele ya darasa ni ndefu kuliko zinavyosikika. Hesabu kimoyomoyo. Na badala ya mikono hewani, waambie anayekuwa na wazo aweke kidole gumba kifuani, maana mkono wa kwanza ukipanda, wengine wengi huacha kufikiri.

Sasa maeneo. Yaandike kutoka 36 kushuka: 36, 35, 32, 27, 20, 11. Mtoto fulani ataona kwamba tofauti ni 1, 3, 5, 7, 9. Wengi hufurahia mchoro huo wa namba na kuuacha hapo. Usiuache. Chukua mraba wa 6 kwa 6 uliokatwa kwenye karatasi ya miraba na mkasi. Ondoa safu moja ya chini: umepoteza miraba 6, umebaki na 5 kwa 6. Ili mzingo urudi 24 ongeza safu moja ubavuni: unahitaji miraba 5 tu. Umepoteza 6, umepata 5, eneo limepungua 1. Rudia kutoka 5 kwa 7: unapoteza 7, unapata 4, limepungua 3. Kipande kilichokatwa kinazidi miraba inayohitajika ubavuni, na ile inayobaki mkononi ndiyo tofauti yenyewe. Mtoto aliyeishika haambiwi tena kwamba mraba hufunga eneo kubwa kuliko mistatili mingine yote. Anajua kwa nini.

Dakika tano za mwisho ni za kuandika ubaoni sentensi moja au mbili kwa maneno ya watoto, ukiyapachika maneno rasmi pale yanapohitajika: "Mzingo ukiwa uleule, eneo huongezeka kadiri upana na urefu unavyokaribiana." Kipindi cha udadisi kisichofika kwenye sentensi hiyo ndicho kinachowapa wapinzani silaha, kwa sababu watoto wanatoka wakiwa na furaha na vipande vya karatasi, na hakuna kingine. Muda ukielekea kwisha, punguza idadi ya wanaosimama, usiikate sentensi.

Kabla hawajatoka, swali moja kwenye kipande cha karatasi: mzingo ni 20, mstatili upi una eneo kubwa kuliko yote, umejuaje? Usizitie alama. Zipange mafungu matatu, kazi ya dakika kumi. Fungu la kwanza wameandika 4 kwa 5 au 10 kwa 10, yaani mzingo wenyewe bado haujakaa. Kesho hao wanarudi kwenye uzi, wapitishe kidole kuzunguka umbo huku wakihesabu kwa sauti, kabla ya namba yoyote kuandikwa. Fungu la pili wameandika 5 kwa 5 bila sababu, au wamesema "kwa sababu mwalimu alisema mraba". Wape mkasi na mraba wa 5 kwa 5 na waambie wakuoneshe safu iliyopotea na iliyoongezwa. Fungu la tatu wameeleza vizuri, na kosa la kawaida ni kuwarundikia maswali kumi mengine ya namna ileile. Wape moja tu: uzi wa sentimita 25, pande zote sentimita kamili. Watahangaika, watafuta, na baada ya muda mmoja atasema haiwezekani. Muulize amejuaje, na ungoje.